Mwaka Nilioitwa Antena

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kwenye msiba wa mama mmoja tuliyesali naye zamani, nikarudi na hasira isiyomhusu marehemu hata kidogo. Tulikuwa tumeshafukia kaburi, watu wametawanyika wanatafuta sahani na mahali pa kukaa, nikasikia mwanamume ananiita kwa nyuma, kwa sauti kubwa kama vile tuko mnadani: "Nyanjura! Wee Nyanjura! Antena bado inakamata?" Nikageuka. Wambura. Mvi kichwa kizima, tumbo mbele, suti ya kijivu, anacheka hadi mabega yanatikisika. Waliokuwa karibu nao wakacheka, bila kujua wanacheka nini. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma hadi sasa ninapoandika, kwamba mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nilicheka. Nikamwuliza habari za watoto, akanijibu, akanitambulisha kwa mkewe kwamba mimi ni rafiki yake wa siku nyingi, "tulipotezana tu," halafu akaenda kupakuliwa wali. Tulipotezana! Kama vile tulikuwa watu wawili sokoni, mmoja akapita njia ya samaki na mwingine njia ya mitumba. Haya, ngoja nieleze tulivyopotezana.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazina kosa katika jambo hili. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Mukendo, mtaa wa hapa Musoma, kwa mama yangu mdogo Tekra, katika vyumba viwili vya kupanga. Chumba cha mbele kilikuwa duka, sebule na jiko la siku za mvua, yote kwa pamoja. Magunia ya dagaa yalipangwa ukutani mpaka karibu na dirisha, na ukikaa mle nusu saa nguo zako zinatangaza ulikotoka. Chumba cha ndani tulilala sisi wawili, kitanda chake na godoro langu, na katikati upenyo wa mtu mmoja kupita. Mama mdogo hakuwa na mtoto, na aliniongelesha kama mtu anayeongelesha mkono wake wa kulia. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, jioni ugali uleule na chochote kilichobaki mwaloni Mwigobero bila kuuzwa. Wambura alikuwa anakujaga Jumamosi kutoka Bunda, ambako alifundisha masomo ya ufundi, na kila akija mama mdogo alificha dagaa akatoa sato. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Watu wa kwao, Mugeta, ni wafugaji, wametulia, na nilishapelekwa mara moja kusalimia nikapewa maziwa mgando mpaka nikaomba huruma. Nilikuwa nasubiri tu siku. Nilimpenda yule mtu, nisijifanye leo kwamba sikumpenda. Nilipenda hata namna alivyokuwa anapiga sufuria kwa kucha akasikiliza mlio, akaniambia imetengenezwa na nini.

Mguu ulivunjikia Mwigobero. Nilikuwa nashuka kwenye boti na beseni kichwani, ubao wa kushukia umelowa, nikateleza, paja likabaki kati ya boti na mawe na wimbi likasukuma. Sitaki kueleza zaidi. Nilikaa wodini nimening'inizwa mguu, nikisubiri daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa anakuja Musoma mara mojamoja kutoka Mwanza, na alipokuja akanifungua paja akaniwekea bamba la stenlesi na skrubu zake. Mle wodini nilijifunza neno. Wale waliotobolewa miguu na vyuma vikabaki vinaonekana nje, watu waliwaita wenye antena, kwa sababu kweli walifanana na paa la mtu mwenye televisheni. Lakini watu hawakuishia kwa hao. Mtu yeyote mwenye chuma ndani au nje alikuwa antena. "Huyu dada naye ni antena?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kumwona mwanawe, akijua nasikia. "Antena ya ndani," akajibiwa, na wote wawili wakanitazama kwenye shuka kama wanaweza kuiona. Tukacheka. Wagonjwa hatukuwa na kingine cha kufanya. Neno likatoka na mimi hospitali, likapanda gari kwenda Bunda, likafika Mugeta kabla yangu.

Sasa niseme ukweli wa Wambura, maana sitaki mtu aseme namwonea. Siku zile za wodini alikuwa mtu mwema. Alikuja na vipande viwili vya metali kwenye mfuko wa shati, kimoja cha stenlesi kutoka karakana ya shule, kingine cha titani alichopewa na mwalimu wake wa chuo, vyote viwili ukubwa wa kidole. Akaniambia fumba macho. Akaniwekea kimoja mkono huu, kingine mkono huu. "Kipi kizito?" Cha kulia kilinivuta mkono, cha kushoto kilikuwa kama kimechongwa mti. "Cha kushoto ndiyo titani," akasema. "Uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya mwenzake, lakini kwa nguvu hakiachwi nyuma." Akanieleza kwamba vyote viwili havipatani na kutu, kila kimoja kina ngozi nyembamba isiyoonekana, ukiikwaruza inaota upya hapohapo, ila ngozi ya titani ni imara zaidi kwenye chumvi, na mwili wa binadamu ni chumvi tupu. Akanieleza kwamba stenlesi ni kaidi, kuipinda kunataka nguvu karibu mara mbili ya titani, na mfupa ukifungwa na kitu kikaidi sana unaacha kufanya kazi, unadhoofika pale chini ya bamba. Nikauliza, basi mbona hawakuniwekea titani? Akasema titani ni ghali, haipatikani ovyo, na tena daktari akiikunja ifuate umbo la mfupa inajirudisha kidogo, wakati stenlesi ukiikunja inakaa ulivyoikunja. "Usihofu," akaniambia, mkono wake uko juu ya blanketi. "Hiyo uliyo nayo ina nikeli nyingi ndani yake. Haishiki hata sumaku. Vijiko vya sokoni ndivyo vinavyoshika, hivyo ni stenlesi ya namna nyingine." Maneno yake hayo. Nimeyabeba miaka yote hii bila kupunguza neno.

Leo mimi ndiye ninayesimama mbele ya vijana wa ufundi hapa Musoma, na kila mwaka tunafika kwenye somo hilo, na kila mwaka nawafumbisha macho nawawekea vipande mkononi. Wananipenda kwa hilo, wanadhani nimelibuni mwenyewe. Nilikwenda kusoma ufundi kwa sababu ya kisirani, siyo kwa wito. Nilitaka nijue kila alichojua yule bwana, na kimoja zaidi. Nawaambia vijana kwamba metali haina wema wala ubaya, kwamba hakuna bora kati ya stenlesi na titani mpaka useme kwanza unaipeleka wapi na ikafanye nini. Kinu cha kusaga hakihitaji titani. Meza ya kukatia sangara haihitaji titani. Wanaandika. Kuna siku binti mmoja aliniuliza kwa nini nikifika hapo sauti inabadilika, nikamwambia ni vumbi la chaki, na ubao wetu siku hizi hauandikwi kwa chaki.

Nilirudi Mukendo na magongo mawili, baadaye moja, baadaye fimbo. Mguu uliunga lakini uliunga mfupi kidogo, na nikawa nachechemea. Kwa mara ya kwanza Wambura akapitisha Jumamosi bila kuja, halafu nyingine. Alipokuja alikaa juu ya gunia, hakutaka kiti, akala sato upande mmoja tu, akasema kuna tatizo nyumbani. Mwaka wa nyuma radi ilikuwa imepiga zizi la baba yake ikaua ng'ombe, nami nililijua hilo, nilikwenda kuwapa pole. Sasa wazee walikuwa wamesikia kwamba mchumba amewekewa antena. "Wanasemaga antena inaita radi," akasema. "Wanaogopa ukiingia pale mjini kwetu." Mjini ndivyo watu wa kwao wanavyoita boma. Mama mdogo alikuwa anapuliza moto, akainua kichwa. "Wewe si ndiwe msomi wa vyuma? Si uwaambie?" Wambura akajibu kwamba wazee hawaelewi, wanachojua wao ni kwamba chuma kinachoshika sumaku ndicho kinachoita radi. Halafu akanigeukia akaniambia jambo alilolijia. Nirudi hospitali, nimwombe daktari atoe stenlesi aweke titani. Titani si chuma, atawaapia wazee kwamba mwilini mwangu hamna chuma, wala hatakuwa amesema uongo.

Angalieni ujanja wa neno. Huku kwetu kila metali tunaiita chuma, sufuria chuma, bati chuma, mkufu wa bandia chuma. Lakini mwalimu wa ufundi akitaka anaweza kulibana neno likawa na maana moja tu, ile metali inayoota kutu, na hapo titani kweli si chuma. Mimi sikuona ujanja wowote. Niliona mtu anayenipigania. Mama mdogo ndiye aliyesimama na mwiko mkononi. "Afunguliwe tena paja? Mtoto ametoka kujifunza kwenda chooni peke yake, afunguliwe tena kwa ajili ya ng'ombe? Ebo!" Wambura akasema ni upasuaji mdogo. "Basi anza wewe," mama mdogo akamwambia, "tukuone unavyotembea." Nilimkasirikia mama mdogo siku tatu nzima. Nilimwona mshamba, mtu asiyejua mapenzi wala sayansi.

Nikaenda kwa daktari. Nilisubiri tangu asubuhi kwenye benchi la korido, nimevaa gauni la Jumapili, nikasema ombi langu kama nilivyofundishwa. Daktari yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaweka picha ya mguu wangu kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu mahali mfupa ulipoanza kushikana. "Unaona hapa? Huyu mfupa ameshakubali. Nikitoa hizi skrubu naacha matundu, usaha unaweza kuingia, na mfupa huenda ukavunjika upya. Nani amekutuma?" Nikasema ni mchumba, ni mwalimu wa mambo ya vyuma, anasema titani ni bora. Daktari akazima ile taa. "Titani ni nzuri. Ningekuwa nayo siku ile labda ningeitumia. Lakini bora ni ile inayofanya kazi sasa hivi ndani ya mguu wako. Mwambie mchumba wako mimi sibadilishi bamba kama tairi." Nikatoka nje nikalia kando ya ukuta, nikilia kwa ajili ya ndoa yangu, nikimlaani mtu aliyeniokoa mguu.

Nikampa Wambura jibu. Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba wazee wananiita Mugeta, wanataka kupima wenyewe. Mama mdogo alitaka kwenda na mimi, nikakataa, nikaogopa mdomo wake. Njia nzima kutoka Bunda Wambura alikaa upande wa dirisha. Tuliposhuka akaniambia nitembee taratibu, nipige hatua fupifupi, "isionekane sana." Nikafanya hivyo. Nilitembea kama mtu aliyebeba maziwa kichwani, nikafika nimelowa jasho, na mzee Maregesi, baba yake, akasimama kutoka kwenye kiti chake akanipokea fimbo kwa mikono yake mwenyewe. "Karibu mama. Pole na safari. Pole na mguu." Nikamwamkia, akaitikia kama baba anavyomwitikia binti yake. Yule mzee aliogopa radi kwa sababu ilishamwulia ng'ombe, na mtu aliyewazika ng'ombe wake siwezi kumcheka.

Tulikaa sebuleni. Kulikuwa na nyama ya kuchemsha, ugali wa mtama, maziwa, na kwa heshima ya mgeni kutoka Musoma, vijiko. Baada ya kunawa mzee akatoa kwenye mfuko wa koti sumaku nyeusi ya mviringo, ya spika ya redio iliyokufa, akaiweka mezani. "Wambura ametueleza," akasema, "kwamba hicho kilichomo kinaitwa stenlesi, kama hivi vijiko." Akasogeza sumaku. Kijiko kikaruka ka! kikanata. Shangazi yake Wambura, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, akaguna. Wote wakanitazama, mimi nikamtazama Wambura. Nilikuwa nasubiri yale maneno ya wodini. Yalikuwa maneno machache tu: hivi ni stenlesi ya namna nyingine. Nikamsubiri aseme. Akachukua kipande cha nyama, akakichovya kwenye chumvi, akatafuna. Nikafikiri labda anaheshimu, labda hataki kumsahihisha baba yake mbele ya watu. Mungu anisamehe, nilimtafutia sababu.

Shangazi akanichukua chumba cha pili. Ukuta wa pale haukufika juu, uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kila neno la sebuleni lilivuka. Nikakaa kitandani, nikapandisha kanga, shangazi akaona kovu akasema, "Uwii, mwanangu, walikufungua hivi?" Akaweka sumaku. Alianza gotini, akapanda polepole, akabonyeza, akaachia. Ikaanguka juu ya godoro. Akarudia upande wa nje, pale bamba lilipo hasa, ambapo ukigusa unalisikia kwa kidole. Ikaanguka tena. Akaijaribu kwenye bawaba ya mlango, ikanata mpaka akaivuta kwa nguvu. Akaja kwangu mara ya tatu, ikaanguka. "Haishiki!" akapaza sauti kuvuka ukuta. "Kaka, haishiki kabisa!" Na akapiga kigelegele, jikoni mama yake Wambura akaitikia. Nilisikia mzee anacheka kule sebuleni, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. "Basi yameisha," akasema. "Mwambieni binti aje ale. Mambo ya siku tutayapanga." Nilikuwa nalia na kucheka, shangazi ananifunga kanga vizuri kiunoni, ananiita mke wetu.

Ndipo nikasikia sauti ya Wambura, ya chini. "Baba, hiyo sumaku imechoka." Mzee akamjibu, "Imechoka na imekamata kijiko sasa hivi?" Wambura akaja na lingine. "Halafu baba, radi haihitajigi sumaku. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kitu kinaweza kisishike sumaku na umeme ukapita." Kweli tupu. Kila neno kweli, hata leo nikiulizwa darasani nitalisema hivyohivyo. Shangazi aliacha kufunga kanga, mikono yake ikabaki kiunoni kwangu. "Wambura," mzee akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Habari ya sumaku tumeitoa wapi? Wewe ndiwe uliyetuletea. Mimi nilisema naogopa antena, wewe ukasema tatizo ni stenlesi, stenlesi inashika sumaku. Tumepima, haishiki. Sasa unasema sumaku haina kazi. Mimi mwenye ng'ombe nimemkubali huyu mtoto. Mama yako amemkubali. Wewe unakataa nini?"

Nilisikia kijiko kinawekwa kwenye sahani. Nilisikia kuku nje.

"Baba," akasema, "anachechemea."

Shangazi akaniziba masikio. Kwa viganja vyake viwili, kama unavyomziba mtoto mdogo, na tayari nilikuwa nimeshasikia. Nikamtoa mikono taratibu, nikashuka kitandani, nikatoka sebuleni nikitembea ninavyotembea, sikufupisha hatua hata moja. Mzee Maregesi alisimama. Wambura akaniona, uso ukambadilika, akaanza, "Nyanjura, hukuelewa, nilikuwa namaanisha..." Nikamwambia, "Rudia, Wambura. Mama yako yuko jikoni, hajasikia." Alichukua kikombe chake cha maziwa akanywa, macho ndani ya kikombe. Nikamuaga mzee, akaniitikia huku ananirudishia fimbo, nami nikashuka ngazi za baraza, mguu mzima kwanza, halafu huu.